Bwana Tangi Kavu: Safari ya Beni Kumrudisha Mama Jordy

Kama gazeti la wiki iliyopita mlilifungia sabuni, msijilaumu. Nitawakumbusha kwa kifupi.

Mimi ni Urbain, mpima ardhi wa serikali. Serikali ilinituma Butembo kutoka Mbandaka, kisha vita vikaja, serikali ikabaki Kinshasa na mshahara wangu ukabaki nayo. Nikaoa hukuhuku. Bibi yangu ni Kyakimwa, binti wa mzee Zorobabel wa Mususa, mzee wa kanisa anayeheshimiwa. Kyakimwa anauza vitenge sokoni, na kusema kweli yeye ndiye aliyekuwa akitulisha, mimi na mtoto wetu Jordy. Kazi yangu mimi ilikuwa kutunza heshima.

Heshima yenyewe ilikuwa Mercedes. Mlisoma jinsi bibi alivyoniambia tununue gari dogo, na mimi nikamjibu kwamba mtu wa bureau hapandi kitu kidogo. Mlisoma jinsi Mercedes ile ilivyokunywa mafuta hadi tukala bila chumvi, na jinsi nilivyokwenda Kirumba kuibadilisha na Toyota Starlet nyekundu iliyopauka. Hapo nikaokoka. Na kama kawaida ya waliookoka jana, nikaanza kuwahubiria waliookoka zamani.

Nilihubiri nini? Usikanyage accélérateur kwa hasira. Weka vitesse, gia, ya juu mapema. Pneu, matairi, zijae upepo. Kila kilo isiyo na kazi itoke ndani ya gari. Mteremko ukianza, zima moteur, gari lijishukie lenyewe, maana mteremko ni mafuta ya bure. Nikatoa pneu ya akiba. Nikatoa jeki. Nikatoa kiti chote cha nyuma, nikaweka ubao mwembamba.

Tangi nililiacha karibu kavu siku zote, lakini hilo halikuwa wazo langu peke yangu. Kila dereva wa Butembo wa miaka ile alifanya hivyo. Tangi lako likijaa, askari wanakuomba uwasaidie kidogo mpaka front, kwenye mapigano, na nyumbani wanaanza kukulilia. Ila mimi nilizidisha, mpaka watu wakaniita Bwana Tangi Kavu, nami nikalibeba jina hilo kama cheo.

Kisha, Jumapili moja tukitoka kwenye ibada kule Vuhovi, nikampima mama mkwe kwenye mizani ya maharagi.

Nilifanya kwa adabu zote. Nilimweleza kwamba gari haliwezi kupanda naye pamoja na kapo lake la viazi, kwa hiyo achague. Alichagua kutembea, na viazi akavibeba mwenyewe kichwani, mbele ya waumini wote. Asubuhi yake Kyakimwa alifunga nguo zake, akapanda kamio, lori la mizigo lililokuwa likienda Beni kwa dada yake Mariette. Jordy alikuwa tayari kwa babu yake. Mimi nikabaki na Starlet.

Hapo ndipo tulipoishia.

Ukoo ulikaa bila mimi. Neno lao lililetwa na Ézéchias, kaka mkubwa wa Kyakimwa, shemasi na dereva wa kamio. Alisimama mlangoni, hakutaka kuingia.

"Shemeji," akasema, "tata Zorobabel anasema hivi. Uende wewe mwenyewe umutafute bibi yako. Umufikishe kwa tata mbele ya siku ya Yenga, Jumapili. Kisha ibada tutakaa, na Kyakimwa atasema na kinywa yake kama anarudia kwako ao hapana."

"Na akikataa?"

"Akikataa, amekataa. Vyombo yake itatoka."

"Na kama sikumuleta?"

"Kama haukumuleta, hakuna kazi ya kukaa. Vyombo itatoka vilevile." Akaitazama Starlet kuanzia taa za mbele mpaka nyuma. "Utaenda na hii?"

"Hii inanifikisha Beni na mafuta ya kujaza kopo."

"Ekiee," akasema Ézéchias, akaenda zake.

Nitawaambia ukweli: niliogopa. Nilimpenda yule mwanamke. Nyumba bila yeye ilikuwa baridi, na ndani ya nyumba ile hakukuwa hata kijiko kilichokuwa changu. Lakini woga wangu haukuingia mpaka kwenye mfuko. Jumamosi asubuhi nilitia mafuta ya kwenda, nikakadiria kwamba ya kurudi yatakuwa yaleyale, nikafunga kifuniko.

Kwenda ilikuwa raha tupu. Kutoka Kabasha barabara inajimwaga kuelekea Beni, na mimi nikazima moteur nikajiachia. Nilisikia ndege. Nilisikia wanawake wakicheka mashambani. Nilifika Beni mafuta yakiwa karibu yote ndani, nikajipongeza kwa sauti.

Sasa nicheke nanyi kidogo. Mimi ni mtoto wa Équateur, jimbo la Mbandaka. Kwetu nchi ni tambarare, kilima tulikichora darasani tu. Lakini mimi ni mpima ardhi! Nilisomeshwa, nikaajiriwa, nikahamishwa kwa ndege, yote hayo ili nijue ardhi ya serikali inapanda wapi na inashuka wapi. Na katika hesabu zangu zote za mafuta, ambazo nilizitangaza bureau, sokoni na kanisani, sikuwahi kuhesabu kwamba Beni iko chini na Butembo iko juu. Safari zote za kupima nilizipima nikishuka. Za kurudi, nilipokwama, nilisema ni mafuta mabaya ya mpakani Kasindi.

Beni ilikuwa imejaa watu. Vita vilikuwa vimetoka upande wa Mambasa, vya wale waasi waliosema Lingala, na watu walikuwa wakiingia mjini na magodoro kichwani, kuku mkononi, watoto mgongoni. Hakuna aliyeniangalia mimi na gari langu la busara.

Mariette alinikuta kwenye parselle, uwanja wa nyumba yake, nikipangusa kioo.

"Karibu, shemeji. Leo utapima nani?"

"Dada Mariette, tuache ile."

"Nauliza tu. Ju mi najua mizani iko wapi kwa jirani."

Kyakimwa akatoka. Alikuwa amevaa kitenge cha siku kubwa, kile cha ndege wa kijani, na viatu vyake vya kanisani. Moyo ukanipiga. Mwanamke havai hivyo kumfuata mwanaume anayemwacha, nilijiambia. Mkono mmoja alibeba mkoba. Mkono wa pili alibeba bidon, dumu la njano lililofungwa kitambaa mpaka shingoni.

"Hiyo ni nini?" nikauliza.

"Mawese ya mama."

Macho yangu yenyewe yakaipima ile bidon, bila ruhusa yangu. Nilijua uzito wake kabla haijagusa gari. Lakini mtu aliyemtembeza mama mkwe na viazi anaweza kweli kukataa mawese yake? Nikaichukua, nikaiweka juu ya ubao wa nyuma, nikatabasamu hadi mashavu yakauma.

"Shemeji," Mariette akasema, "essence iko pale kwa kona. Mbele ya kupanda, jaza."

"Inaenea, dada, inatosha. Nilikuja na kidogo, na kidogo hiyo haikuisha."

Mariette alimtazama Kyakimwa. Kyakimwa alitazama mbele. Wakaagana kwa kushikana mikono muda mrefu, na mimi, mjinga, nikadhani ni upendo wa madada tu.

Tukatoka. Kwa muda fulani mambo yalikwenda vizuri. Niliendesha taratibu, nikaweka vitesse ya juu, nikapiga mbinja. Kyakimwa alikuwa karibu yangu, nilisikia harufu ya mafuta yake ya nywele. Nikaona nimeshinda. Amepanda gari, kwa hiyo anarudi. Hata kikao cha kesho nilikiona kimekwisha, mzee Zorobabel akiomba sala, mama mkwe akinikaribisha chakula.

Kisha barabara ikaanza kupanda.

Mshale wa mafuta nao ukaanza kushuka. Ulishuka kama unaitwa. Nilitazama mshale, nikatazama mlima, nikatazama mshale tena. Starlet ikaanza kukohoa kwenye kona ya kwanza ya Kabasha.

"Mama Jordy," nikasema.

"Mm."

"Utashuka kidogo?"

"Nishuke wapi?"

"Hapa. Kwa mulima tu. Mi nitapanda na motokari, nikungojee kule juu."

Alifungua mlango, akakunja kitenge chake, akashuka na viatu vyake vya kanisani kwenye udongo mwekundu. Nilimshukuru Mungu kwa mke mwelewa. Nikatia vitesse ya kwanza, gari likasogea, likakohoa, likasimama.

Nikatoa kichwa dirishani.

"Mama Jordy. Na bidon."

"Nini?"

"Bidon ya mama. Uibebe. Iko muzito."

Alirudi. Akafungua mlango wa nyuma, akaitoa bidon, akaiinua kichwani. Kitu kilipita usoni mwake, si hasira. Ningelijua wakati ule ni nini, ningemwachia gari yeye, nikabeba bidon mimi, na mkoba, na hata ubao.

Nikapanda peke yangu. Kwenye kioo nilimwona nyuma, anapanda na bidon kichwani, na kijana wa chukudu, ile baiskeli ya miti isiyo na moteur, anashuka na mzigo wake wa mbao, pneu zinalia. Kijana akapunguza mwendo.

"Mama, motokari ilikutupa?"

"Haikunitupa," Kyakimwa akamjibu kwa nguvu nisikie. "Ni kwa kuokoa mafuta."

"Aa! Basi mutafute chukudu. Haikunywaka kitu."

Walicheka wote wawili, nami nikajifanya ninasikiliza moteur.

Juu ya Kabasha kuna upepo na ukungu. Nilizima gari, nikasubiri. Alipofika alikuwa amelowa jasho, ndege wa kijani wamechafuka mpaka magotini. Alitua bidon chini.

"Unaona?" nikasema. "Tumefika."

"Nani alifika?"

"Sisi."

Akapumua. Kisha akauliza, polepole, bila ugomvi:

"Baba Jordy, ju ya nini ulikuja kunitafuta?"

Jibu lilikuwa hapa kooni. Ningesema: nyumba ni baridi. Ningesema: sijalala vizuri tangu uondoke, na nikipika ugali unaungua. Ningesema nakupenda, maneno ambayo hayatumii mafuta. Lakini mtu akizoea kubana, anabana kila kitu.

"Ukoo ilisema nikuje," nikajibu.

"Aksanti," akasema. Akarudisha bidon kwenye ubao, akapanda, akafunga mlango taratibu.

Kutoka pale njia inashuka kidogo kuelekea Maboya. Mnajua nilichofanya. Nilitia point mort, gia huru, nikazima moteur, nikajiachia. Ukungu ulikuwa mzito, udongo umelowa, na Starlet yangu nyepesi, isiyo na kiti, isiyo na jeki, isiyo na pneu ya akiba, ikashuka kimya kabisa.

Nilipotoka kwenye kona, bariere ilikuwa mbele yangu. Kamba imevuka barabara, na askari kando yake wanakula mahindi ya kuchemsha, wametupa mgongo.

Nilikanyaga frein, breki. Moteur ikiwa imezimwa, frein inakuwa ngumu kama jiwe. Nikaikanyaga na miguu yote miwili, nikavuta na ile ya mkono, na gari likasimama kamba ikiwa imelala juu ya capot na pua ya Starlet ikinusa mgongo wa askari mmoja.

Yule askari akageuka. Aliruka hadi mtaroni, mahindi yakabaki hewani.

"Adui! Adui!"

Bunduki zikatoka kila upande. Na mimi, kwa woga, nikasahau Kiswahili chote nilichojifunza huku, nikatoa Lingala niliyonyonya kwa mama yangu, kuwasihi ndugu wasipige risasi.

"Mbote, bandeko! Bobeta te!"

Wapenzi wasomaji, kumbukeni nani alikuwa akitoka Mambasa, na alisema lugha gani. Walinitoa kwa kola ya shati.

Commandant akatoka kwenye kibanda cha majani, anafunga mkanda. Alikuwa mtu mnene, mtulivu, na mtulivu ndiye wa kuogopwa.

"Motokari hii ilitoka wapi?"

"Hatujue, afande," akasema askari wa mtaroni. "Hatukusikia kitu. Ilitokea tu."

"Unatoka wapi, wewe?"

"Beni, mon commandant."

"Kwenu?"

"Mbandaka. Lakini mi ni wa serikali, mupima udongo, nilioa kwa mzee Zorobabel wa Mususa…"

"Moteur ilikuwa inazimika ju ya nini?"

Nikafurahi. Hilo nilikuwa na jibu lake, na nimelitoa mara nyingi.

"Kwa kuokoa mafuta, mon commandant! Kwa mteremko hakuna haja ya moteur. Mutu akiwa na akili…"

"Kuokoa mafuta." Alizunguka gari. "Kiti ya nyuma iko wapi?"

"Niliitoa. Uzito."

"Ulitoa kiti, ukatia ubao. Ubao ya kubebea nini? Masanduku ya risasi?"

"Hapana! Watu."

"Pneu ya secours?"

"Niliitoa."

"Jeki?"

"Niliitoa."

Akawageukia askari wake, kama mwalimu anayewaonyesha watoto mfano ubaoni.

"Munaona? Mutu anasema Lingala. Anatoka upande ya adui. Anatembea bila sauti. Motokari yake ni tupu ya kubebea vitu. Na hana pneu ya secours, ju anajua haendi mbali. Hapa tu, kwetu."

Hekima yangu yote ya mwaka mzima, moja baada ya nyingine, ilikuwa imesimama kunishitaki. Kama ningekuja na ile Mercedes, inanguruma na kutoa moshi, wangenisikia tangu Kabasha, wangeniomba sigara na kunifungulia.

"Uko na mafuta mu motokari?" Commandant akauliza. "Mafuta yote inapita hapa na karatasi yangu. Ile haina karatasi, ni ya adui."

"Hata tone, mon commandant. Waulizeni watu, naitwa Bwana Tangi Kavu. Naapa mbele ya Mungu."

Kyakimwa alikuwa amesimama kando ya mlango wake. Alinisikia nikiapa, akafunga macho.

Askari mmoja akafungua nyuma. Akaitoa bidon. Akakifungua kile kitambaa, kisha kifuniko, akanusa, akarudisha kichwa nyuma haraka.

"Afande. Ni mafuta ya motokari."

Sikuelewa. Nilikuwa ninasubiri mtu aseme mawese.

"Ya nani?" Commandant akauliza. Sauti yake sasa ilikuwa ya chini.

Nilimtazama Kyakimwa. Mikono yake ilikuwa imeukumbatia mkoba. Sikujua kwa nini alibeba mafuta, sikujua kwa nini alinificha. Nilijua kitu kimoja tu: alipandisha bidon ile Kabasha kichwani kwa sababu mimi nilimwambia, na sasa ingemwua. Mdomo wangu ukafunguka kabla sijapiga hesabu yoyote.

"Yangu."

"Yako? Si uliapa?"

"Nilidanganya, mon commandant. Bibi yangu hajue kitu. Nilimwambia ni mawese."

"Ni mafuta gani?"

"Essence. Ya hii Starlet."

Commandant akachukua bidon, akanusa mwenyewe. Akanitazama. Akanusa tena. Kisha tumbo lake likaanza kucheza, na kicheko kikamtoka kikubwa, hata askari wakacheka kabla ya kujua kwa nini.

"Mupima udongo," akasema, "tangu lini Starlet inakunywa mazout?"

Mazout ni dizeli, ya makamio; Starlet yangu inakunywa essence, petroli.

"Mi ndiye mwenye kuinunua," Kyakimwa akasema. Alisogea mbele, akasimama kati yangu na yule mtu mnene. "Afande, umuache. Yeye hajue kitu. Hata mambo ya nyumba yake hajue."

"Mazout ya kufanya nini, mama?"

"Ya kamio ya kaka yangu. Iko kwetu Mususa, haina mazout. Kule Butembo hatuipate, ndiyo niliinunua Beni."

"Kamio itaenda wapi?"

Kyakimwa alinyoosha mgongo. Upepo ulipeperusha kitenge chake kilichochafuka.

"Kesho, kisha kikao ya ukoo," akasema, "itaenda kubeba vyombo yangu mu nyumba ya huyu bwana."

Sasa askari walicheka kweli. Mmoja alikaa chini. Yule wa mtaroni alinipiga begani kama rafiki wa zamani. Kumbe hakuvaa kitenge kile kwa ajili yangu. Alikuwa amekwisha kuamua Beni, kabla hata sijafika na kopo langu la mafuta. Na mimi nilimbebesha mafuta ya kuniacha, nikamngojea juu ya mlima nikipiga mbinja. Niliumia. Sina namna nyingine ya kulisema. Niliumia mbele ya watu wenye mahindi mkononi.

Commandant akajipangusa macho.

"Sikiliza, bwana Tangi Kavu. Espion, mupelelezi, hawezi kuwa mujinga hivi. Utapita. Lakini bariere ni bariere, siwezi kubakia mikono mitupu. Nitachukua kimoja. Hii motokari, ju nasikia inakunywa kidogo, nasi pia tunateseka na mafuta. Ao ile bidon. Wewe ndiye mwanaume, chagua."

Nilikuwa na funguo mkononi. Sikuwahi kupewa hesabu rahisi kama ile. Bidon ikibaki hapa, kamio haitembei. Kamio isipotembea, vyombo havitoki, na yeye anaweza kusema neno lolote kesho mbele ya ukoo, atakaa. Gari ninalo, bibi ninaye, mafuta sijatumia. Nilikuwa ninapata vyote kwa hasara ya mtu mwingine, jinsi nilivyopenda siku zote.

Kyakimwa hakuniomba. Hakunitazama hata. Alikuwa anaangalia barabara ya Butembo, kama mtu anayejua jibu tayari.

Na kweli alikuwa ana haki ya kulijua. Ndilo lililoniumiza kuliko yote.

"Mon commandant," nikasema, "uchukue motokari."

Nikamwekea funguo mkononi.

"Bidon umurudishie. Ni yake. Iko na kazi."

Askari waliacha kucheka. Commandant alizipima funguo mkononi, akainua mabega, akaisukuma bidon kwa mguu mpaka miguuni mwa Kyakimwa. "Haya, mama. Mubebe, muende. Butembo iko pale juu."

Kyakimwa alisimama bila kusogea. Alitazama bidon. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu Beni, alinitazama mimi, muda mrefu, kuanzia usoni mpaka viatuni, kama mtu anayeangalia kitenge ambacho alikwisha kukirudisha kwa muuzaji.

Akainama. Nilidhani anaiinua kichwani. Nikasogea nimsaidie.

Hakuiinua. Alifungua kifuniko, akaishika bidon kwa chini, akaigeuza kichwa chini miguu juu.

Mazout ilitoka kwa kelele. Ilimwagika kwenye udongo wa barabara, ikapita kati ya viatu vya commandant, ikateremka mtaroni kwenye majani na mahindi. Katika mwaka ule ambapo watu walinunua mafuta kwa vichupa vya dawa, bibi yangu aliimwaga yote, bila haraka, akaikung'uta bidon mpaka ikawa tupu.

"Baba Jordy," akasema, "kamio haitakuja."

Machozi yakanitoka. Niliyaacha yatoke.

Lakini commandant alikuwa akitazama viatu vyake. Utulivu ulikuwa umemwisha usoni.

"Mwanamuke," akasema, "unajua kule front batoto yangu banakufa ju ya kukosa ile kitu?"

Na nyuma ya mgongo wangu nikasikia bunduki ikikokiwa. Gazeti hili msilifungie sabuni; yaliyofuata ni ya wiki ijayo.